Uji Usioonjwa

Waliniita nije kuomba radhi. Ndivyo alivyosema ndugu yangu wa baba mmoja kwenye simu: baba amedhoofika, kifua kinambana, na haifai aondoke duniani huku binti yake mkubwa amemnunia. "Uje tu, dada, umuombe radhi, iishe." Nilikuwa nimeshika mwiko, wateja wa mchana wananisubiri, na maharage yalikuwa yanataka kuungua. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nakuja kudai nini.

Nina mgahawa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, karibu na kituo cha magari. Si mkubwa, lakini haukosi watu. Madereva wa malori yanayotoka mpakani, walimu, polisi, akina mama wa sokoni, wote wanakula chakula cha mkono wangu, na sijawahi kumwonjea mtu. Anayetaka aonjewe akale kwake. Nasema haya mapema ili mjue anayesimulia ni nani: mimi ni binti wa mwanamke aliyeitwa mrozi, na kazi yangu ni kulisha watu.

Mrozi kwetu ni mtu anayetia sumu. Haruki na ungo wala hahitaji tunguri. Ni jirani yako, mke wa ndugu yako, mtu anayekuambia karibu. Kwa sababu hiyo Burundi nzima, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Hupiga funda moja, hupangusa ukingo kwa kiganja, kisha hukupa. Kwa Kirundi tunaita gusogongera, na hakuna anayeona vibaya. Vibaya ni kutoonja.

Mama hakukulia Burundi. Wazazi wake walikimbilia Tanzania yeye akiwa mgongoni, akalelewa upande wa Ngara, katika kijiji cha wenyeji. Huko alifundishwa kwamba kikombe cha mama mkwe hakiguswi na mdomo wa mtu mwingine. Unakisuuza, unakijaza, unapiga goti, unakitoa kwa mikono miwili. Wazazi wake waliporudi kwao Butihinda, upande wa Muyinga, na yeye akaolewa Gitega na fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, alihama na nguo zake, Uislamu wake mpya, na adabu hiyo. Mtaa mzima ulimcheka kwa Kiswahili chake cha "naomba" na "samahani". Adabu ya kikombe hawakuicheka. Waliitazama tu, wakanyamaza.

Bibi mzaa baba hakujali. Aliipenda hata. "Muacheni," alikuwa akisema, "uyu ananipatiaka kikombe kizima, nyie munanipatiaka mabaki." Baba alijua kwamba mke wake hajui desturi. Angeweza kumwambia kwa maneno machache tu, wakiwa wawili chumbani. Hakumwambia. Baba yangu alikuwa fundi wa kupima mabega ya watu, lakini jambo lolote gumu alilisubiri lijishone lenyewe.

Siku ninayoisema, miguu ya bibi ilikuwa imevimba kwa muda mrefu na pumzi yake ilikuwa ya kukatika. Mama alipika uji wa ulezi, mwembamba, wenye sukari kidogo. Akapiga goti, akampa. Hakuonja. Jirani aliyekuja kujulia hali alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka na aliona. Bibi alikunywa nusu, akasema umetosha, na nusu iliyobaki niliimaliza mimi. Nilikuwa na umri wa kulamba vyungu. Nilimaliza uji, nikazungusha kidole ndani ya kikombe, nikakilamba kidole.

Alfajiri bibi hakuamka.

Shangazi alifika kutoka Gishubi alikoolewa. Kabla hajakaa, kabla hata hajalia vizuri, aliuliza swali ambalo kwetu huulizwa kwenye kila msiba: marehemu alikunywa nini cha mwisho, na nani alimpa? Wakamwambia. Alionja? Jirani akasema hapana, hakuonja. Mama alijaribu kueleza, na Kiswahili chake cha Ngara, kilichonyooka vile, kilizidi kumfanya mgeni. Nikasema mimi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mimi pia nilikunywa! Niliumaliza!" Shangazi akaniambia mtoto hajui kitu, nikacheze nje. Baba alikuwa amesimama mlangoni, futi yake ya utepe shingoni. Alinijia, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akashika tumbo langu, akanitazama ndani ya macho. Nilikuwa mzima kama ndama. Kisha akarudi kukaa na wanaume wenzake.

Matanga yalipokwisha, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, shangazi alisimama barazani akatangaza. "Uyu mwanamke aliua mama yetu. Hapa aondoke." Mtaa ulisimama kumsikiliza. Baba alikuwa kwenye cherehani, barazani palepale, mguu kwenye pedali. Hakuinua kichwa. Mama alijifunga kitenge vizuri, akabeba furushi lake, akanishika mkono. Shangazi alitaka mimi nibaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Akanivuta. Nilimng'ata mkono kwa meno yangu yote. Sijui kama alama bado ipo. Natumaini ipo.

Tulikwenda Butihinda kwa wazazi wa mama. Neno lile lilitutangulia, maana neno mrozi halipandi gari wala halichoki. Mama alilima. Alirudi kanisani kwa wazazi wake. Mimi nilibaki na dini ya baba na hasira ya mama, na vyote viwili vimenifaa. Lakini niliona mambo. Niliona kwenye harusi wanawake wengine wakipewa kazi ya kugawa vinywaji na mama akipewa kazi ya kuchota maji. Niliona jirani akipokea sahani ya ndizi kutoka kwake, akashukuru sana, kisha akaimwaga nyuma ya zizi. Mama naye aliona. Tangu tufukuzwe Gitega hakuwahi kumwonjea mtu hata mara moja. Nilipokua nilimuuliza kwa nini asionje tu, yaishe. Akanijibu bila kuacha palizi: "Nikionja leo, nitakuwa nimekubali kwamba siku ile nilipaswa kuogopwa."

Basi nilifunga mgahawa, nikaandika kwa chaki mlangoni kwamba nimesafiri, nikapitia Butihinda kwa mama kuchukua unga wa ulezi wa shamba lake. Aliniuliza wa nini. Nikamwambia naenda kumpikia mume wako wa zamani. Alicheka hadi akashika ubavu. "Wewe mtata," akasema, "hukuzaliwa, ulipikwa." Akanipimia unga mwingi kuliko nilioomba.

Petroli ilikuwa haba kama kawaida ya siku hizi, nikasubiri gari kituoni hadi nikajua majina ya watoto wa kila mama aliyekuwa akisubiri nami. Tulipita Karuzi, tukafika Gitega. Mji umekuwa mji mkuu, una wizara na magari ya vioo vyeusi, na waendesha pikipiki wanakuuliza unakwenda wizara gani. Nikamwambia wangu anipeleke mtaa wa Waswahili. Nyumba niliikuta vilevile, ila imefupika. Barazani ndugu yangu alikuwa akishona sare za shule kwenye cherehani ya baba. Alisimama haraka, akanikumbatia. Ni mtu mzuri. Alizaliwa baada ya sisi kufukuzwa, na mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitendea ubaya.

Shangazi sasa anaishi humo, mjane, mfupi, mwenye macho makali yaleyale. "Karibu mgeni," akaniambia.

"Mi si mgeni hapa," nikamjibu. "Mi nimezaliwa kwa ile chumba ya nyuma."

Baba alikuwa sebuleni kwenye kiti cha mbao chenye mito. Amekwisha. Mabega yale niliyoyakumbuka mapana yamekuwa ya kutundikia shati. Alinishika mikono yote miwili na akalia, na nitasema kweli, sikuiondoa mikono yangu. Nilimpenda baba yangu. Hilo ndilo lililoniudhi miaka yote. Kama nisingempenda, ningebaki Muyinga nikiunga maharage yangu.

Shangazi alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya kiti cha baba. Palikuwa ni pa mimi kupiga magoti. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwa heshima, mikono mapajani, akisubiri niombe. Nikasema: "Kwanza nimupikie baba uji. Nimetoka nao mbali." Nikaenda uani, nikawasha mbabula, nikapuliza makaa. Shangazi alinifuata, akakaa kwenye kigoda, akautazama mkono wangu tangu maji hadi sukari, hadi uji ulipotokota. Nilikoroga polepole makusudi ili aone vizuri.

"Iyo unga ni ya wapi?" akauliza.

"Ya shamba ya mama."

Nilisuuza kikombe, nikakijaza, nikakibeba kwa mikono miwili hadi sebuleni. Nikapiga goti kwenye ule mkeka wao, naam, nilipiga goti, kama alivyopiga mama. Nikakitoa.

"Onja," alisema shangazi.

"Sionji."

"Onja, we mtoto. Njo desturi. Hakuna mutu anakutukana, ni desturi tu."

"Naijua desturi. Sionji."

Ndugu yangu alianza kusema tafadhali dada. Baba alinitazama, akautazama uji, na mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea kikombe. Shangazi alishika kifua. Hapo ndipo penye hadithi nzuri ya kuwaliza watu: mzee anakunywa bila kuonjewa, machozi, yamekwisha. Lakini mimi namjua baba yangu. Anajua kufanya jambo kimya ili asilazimike kulisema. Angekunywa, sote tungelia, na mama angebaki mrozi. Nikakirudisha kikombe nyuma, karibu na kifua changu.

"Hapana, baba. Si kwa kunywa kimya. Kwanza useme."

"Niseme nini, mwana wangu?"

"Useme siku ile ulinishika paji la uso na tumbo. Ulikuwa unatafuta nini?"

Alifumba macho. Shangazi aliinuka, akaenda kufunga mlango wa barazani, akarudi kukaa. Baba akapumua kwa shida.

"Nilikuwa naangalia kama unaumwa," akasema. "Haukuumwa. Mama yako hakuua mutu. Mama yetu alikufa na ugonjwa yake. Mi nilijua. Siku ileile, mi nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Uyu ni dada yangu mukubwa. Watu wote walikuwa wameisha kuamini. Mi ningefanya je?"

Ningefanya je. Nimelisikia neno hili kwa wanaume wengi wanaokula kwangu, na kila mara ni la mtu ambaye alikuwa na miguu, ulimi na mlango. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba angeweza kusimama tu. Kuacha pedali na kusimama, hata asiseme kitu, na mama angejua kuna mtu mmoja. Sauti yangu ilipanda na sikuishusha. Shangazi alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamwambia, shangazi, mama yangu amekaa na ndwele hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani, na wewe ndiye uliyemwambukiza. Nikampa baba kikombe. Akanywa wote, hadi chini.

Radhi sikuomba. Hakuna aliyenikumbusha.

Nilitoka uani kumpigia mama, na mwili wangu ulikuwa mwepesi, nilitaka kuruka. Nikamwambia amesema. Amesema kila kitu, mama, amekiri kwamba alijua. Nilisubiri alie. Nilisikia kuku wake, na ungo ukipepeta.

"Nani alisikia?" akauliza.

"Mimi, mdogo wangu, na shangazi."

"Na majirani?"

"Shangazi alifunga mlango."

Ungo ukaacha kupepeta. "Mwanangu," akasema, "mimi nilitolewa mchana, watu wakitoka msikitini. Walisimama wakatazama. Hao niliowasalimia kila siku. Yeye amesema ndani, mlango umefungwa, kwa watu wa nyumba yake tu. Basi bado hajasema." Halafu akaniambia nisimalize vocha yangu bure, akakata.

Nilisimama pale na simu mkononi nikijiona mjinga. Mimi na hasira yangu yote niliyokuja nayo kutoka Muyinga, nilikuwa tayari kuiuza kwa bei ya chini.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa nilimwambia baba kwamba leo atakaa barazani. Shangazi aligeuka moto. Alisema ninataka kumuaibisha mzee anayekufa, ninataka jina la ukoo litembee sokoni, ninafukua makaburi. Alisema watu wa siku zile wengi wamekwisha kufa. "Waliobaki wanatosha," nikamjibu. Akamgeukia ndugu yangu amkataze dada yake. Ndugu yangu aliweka sare aliyokuwa akiitia vifungo, akaingia sebuleni, akambeba baba pamoja na kiti chake, akamtoa nje. Alimweka kando ya cherehani, akamfunika miguu kwa shuka. Hakusema neno. Ni mwana wa baba yake huyo, lakini amesimama.

Msikiti ulipotoka, watu walianza kupita, kanzu na kofia, wakamwona mzee nje baada ya muda mrefu. Wakaja kumsalimia. Wazee walikuja kwanza, kisha vijana kwa kuwaona wazee. Na yule jirani wa mkeka, aliyeona kwamba kikombe hakikuonjwa, alitoka mlangoni kwake na bakora yake akaja pia. Nilimpigia mama, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu juu.

"Ndugu zangu," alisema baba. Ilibidi wasogee. "Munakumbuka mke wangu wa kwanza. Uyu wa Butihinda. Tulisema alimuroga mama yangu. Ilikuwa uongo. Mtoto alikunywa ileile uji, akabakia muzima, na mi nilimuona kwa macho yangu, nikanyamaza. Hakuroga mutu. Mi njo nilimukosea. Mbele ya Mungu na mbele yenu."

Mzee mmoja alisema astaghfirullah kwa sauti ya chini. Yule jirani aliangalia ncha ya bakora yake. Nyuma yangu, ndani ya mlango, shangazi alikuwa akilia, na sikugeuka.

Nikasubiri simu iseme. Watu wote waliitazama simu mkononi mwangu kana kwamba ndiyo mgonjwa. Kisha sauti ya mama ikatoka, wazi, na Kiswahili chake cha Ngara kimenyooka kama walivyokicheka zamani.

"Samahani," alisema. "Sijasikia vizuri. Naomba arudie."

Mtandao ulikuwa safi. Nilikuwa nasikia hadi jogoo wa jirani yake. Na mama yangu, kwa umri wake wote, husikia mbuzi akiingia shambani hata mvua ikinyesha juu ya bati. Nilimtazama baba. Naye alielewa. Alishika mikono ya kiti, akajivuta akaketi wima, akavuta pumzi ile iliyokuwa imebaki kifuani mwake, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.